Dhamana ya Mkazi wa Kampala

Kampala,
6 Septemba 1970

Mdogo wangu Damian,

Nakusalimu wewe huko shuleni Rubafu, na ukipanda basi kwenda Nshamba nisalimie mkeo Klaudia na wasichana wako. Mwambie Klaudia kitenge chake nimeshakikata, kinangoja mtu wa kumletea. Mimi nipo. Kifua kilinisumbua mwezi wa saba, sasa kimepoa. Nimeongeza cherehani ya tatu, maana shule zikikaribia kufunguliwa hapa kila mzazi anataka sare ya mtoto wake iwe tayari jana.

Haya, salamu zimetosha. Nimekaa na hasira tangu Jumatatu, chakula hakipiti.

Unajua nimemshtaki Kagaruki. Mtoto wa baba mdogo, damu yetu kabisa, niliyempelekea jasho langu la cherehani anisimamie kujenga nyumba Miembeni, pale Bukoba mjini. Akajenga, akaezeka bati, akahamia yeye na mkewe, akaandikisha kiwanja kwa jina lake. Nilipomwuliza alinijibu eti nilimzawadia. Nyumba ya vyumba sita, zawadi! Kwani nilikuwa namwoa? Basi nikamchukua wakili pale Bukoba, Bwana Vallabhdas, nikafungua kesi, nikajua sasa zamu ya Kagaruki kutoka jasho.

Kumbe wapi. Wakili wa Kagaruki kasimama mbele ya hakimu kasema: mdai huyu anakaa Uganda, akishindwa tutamfuata wapi atulipe gharama zetu? Kwanza aweke dhamana. Na hakimu kakubali! Shilingi elfu mbili ziwekwe mahakamani kabla ya Krismasi, la sivyo kesi inafutwa na Kagaruki ataoga na kulala kwangu mpaka azeeke.

Nieleze wewe mwalimu uliyesoma. Aliyenyang'anywa ndiye anayeambiwa aweke fedha ili aliyemnyang'anya asiwe na wasiwasi? Mimi ningekuwa na elfu mbili za kuweka tu mahali zikae, ningekuwa nashona sare za watoto wa watu mpaka macho yaume?

Ila Bwana Vallabhdas ameniandikia kwamba kuna mlango mwingine. Sheria inasema dhamana ni ya mtu anayekaa nje na ambaye hana ardhi ya kutosha ndani ya Tanzania. Nyumba ya Miembeni haihesabiwi kwa kuwa ndiyo inayogombewa. Lakini mdai akiwa na ardhi nyingine, dhamana inaondolewa.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Si ninacho kibanja cha Nshamba? Migomba ile na mibuni yake yote Taata wetu mzazi alinipa kwa mkono wake, nawe ulikuwepo. Kwa hiyo ninalokuomba ni dogo. Nenda ofisini kwa Bwana Vallabhdas, kula kiapo kwamba kibanja kile ni cha dada yako. Neno moja tu, mdogo wangu, usichelewe.

Ni mimi dada yako,
Kokuberwa


Rubafu,
18 Oktoba 1970

Mpendwa Dada,

Kasinge waitu. Barua yako ya tarehe 6 Septemba niliipokea, na nashukuru kusikia kwamba kifua kimepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Shuleni tuna kazi nyingi, kwani mwalimu mkuu amenipa somo la siasa kwa madarasa yote ya juu, na Jumamosi tunalima shamba la shule pamoja na wanafunzi kwa moyo wa kujitegemea.

Nyumbani Nshamba Klaudia amejifungua salama tarehe 2 ya mwezi huu. Mungu ametujalia tena mtoto wa kike, ambaye tumempa jina la Joviana. Hao sasa ni wanne. Wote wanakusalimu. Migomba inapendeza, ila ile ya upande wa bondeni iliangushwa na upepo, nami nimeagiza iwekewe miti ya kuishikilia.

Nimesikitika kusikia habari za mahakama. Ni kweli sheria nyingine tulirithi kwa wakoloni na hazilingani na hali yetu. Ninaamini serikali itaziangalia.

Kuhusu lile ulilonituma, ninalitafakari. Likizo ikifika nitakwenda Nshamba na tutaona. Tuvute subira kidogo.

Klaudia anauliza kama kitenge kile ni chekundu au cha bluu.

Mdogo wako mtiifu,
Damian


Kampala,
9 Novemba 1970

Damian,

Hongereni kwa Joviana. Nimefurahi sana, kusema kweli nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza. Kitenge ni cha bluu. Hapa senene wamejaa kwenye taa za barabarani, watoto wanawakimbilia na makopo, nikakumbuka nyumbani nikala wengi mno, usiku tumbo likaniadhibu.

Sasa tuache senene. Umeniandikia habari za mvua, shule, upepo, migomba na wakoloni. Nimesoma karatasi ile mbele na nyuma nikitafuta ulichonijibu. Nimekuta "ninalitafakari". Unatafakari nini? Kwani nimekuuliza fumbo?

Ngoja nikukumbushe, labda shughuli za siasa zimekusahaulisha. Mwaka ule Taata alipoanza kuumwa, nilikuja kumwuguza. Ninyi wanaume mlikuwa na shughuli zenu. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Siku aliyopata nguvu kidogo alituita, akatembea kwa fimbo mpaka mpakani, akanipa miche ya omulamula, ile ya kuweka mpaka, niipande kwa mikono yangu. Akasema mbele yako na mbele ya wazee wawili: kuanzia hapa mpaka bondeni ni kwa Kokuberwa, asije mtu kumbughudhi. Wazee wale wamekufa. Umebaki wewe. Wewe ndiye uliyeshika jembe.

Taata alipofariki nilirudi Kampala kwa kuwa kazi yangu iko huku. Wewe ulikuwa na mke na mtoto mchanga na kibanja chako cha urithi kilikuwa chembamba. Nikakuambia kaa kwangu, Klaudia alime, vuna kahawa uuze kwa jina lako pale chama cha ushirika ili watoto wale. Sikukudai ndizi hata mkungu mmoja. Na desturi unaijua: anayetumia kibanja cha mwenzake humpelekea mwenyewe kibuyu cha pombe ya rubisi kila mwaka, ukoo wakiona, ili isije ikasemwa kimekuwa chake. Ni mimi niliyekuambia usijisumbue, rubisi itachacha melini kabla haijafika Port Bell. Nilidhani ninamfanyia wema ndugu yangu.

Basi naomba unijibu kwa ndiyo au hapana. Utakwenda kwa Bwana Vallabhdas, au huendi? Krismasi haiko mbali.

Dada yako,
Kokuberwa


Rubafu,
29 Novemba 1970

Mpendwa Dada,

Natumaini tumbo limetulia. Klaudia amefurahia sana habari ya rangi ya bluu. Joviana ananyonya vizuri. Jovita, yule wa pili, amekuwa wa kwanza darasani na sista wa parokia amesema ana akili za pekee.

Dada, nimepokea barua yako na nimeona una uchungu. Nakuomba unisikilize kwa utulivu.

Nilikwenda Nshamba. Wazee wa ukoo waliniita kikaoni nyumbani kwa baba mdogo, na Kagaruki alikuja kutoka mjini. Waliniuliza kama tangu Taata afariki nimewahi kukupelekea kibuyu. Sikuweza kudanganya, nikasema hapana. Wakasema kama ni hivyo jambo hili limekwisha, na kwamba ukoo una mabinti wengi walioolewa na wengine wako mijini, na mmoja akitambuliwa mahakamani kuwa mwenye ardhi, kesho watakuja wote. Waliongea kwa ukali. Hayo mengine sioni faida ya kuyaandika.

Hata hivyo mimi sikukutupa. Nimepata njia ya amani. Nimemuuza yule ng'ombe dume mweusi, na ushirika wametoa malipo ya pili ya kahawa. Nikichanganya zinatimia elfu mbili. Nitazipeleka mimi mwenyewe mahakamani kwa niaba yako kabla ya tarehe 20. Kesi yako itaendelea, hakuna atakayegombana na mtu, na hilo suala la kibanja halitahitaji kutajwa.

Naomba unijibu upesi ili niende.

Mdogo wako,
Damian


Kampala,
12 Desemba 1970

Damian,

Hongera Jovita.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Umeuza dume. Damian, wewe ambaye ukitoa senti ya sadaka unaiangalia mpaka ifike kwenye kikapu! Unatoa elfu mbili nzima ili usiseme sentensi moja. Ningekuwa sikujui ningesema nina ndugu mkarimu kupita wote Buhaya.

Na hiyo kahawa iliyotoa malipo ya pili ni ya kibanja gani? Si cha Nshamba? Kwa hiyo unachukua fedha ya kahawa yangu, unaniwekea dhamana, ili mahakama isijue kwamba kahawa ni yangu. Halafu nikushukuru! Haki ya Mungu, hata Kagaruki hakufikiria hili, na yule ana kichwa cha hila tangu utotoni.

Sizitaki. Nimemwandikia Bwana Vallabhdas asipokee fedha kutoka kwako, na kama umeshazipeleka azirudishe. Yeye amekwenda kwa hakimu kuomba muda, tumepewa mpaka Pasaka. Amesema atakuita utoe ushahidi. Utaitwa na mahakama, si na mimi.

Unajidai huwezi kudanganya wazee juu ya kibuyu. Vizuri sana. Basi usidanganye na juu ya omulamula. Uliwaambia walipokuuliza la kibuyu kwamba ni mimi niliyekusamehe? Ulifungua mdomo kusema hilo? Au mdomo wako unafunguka upande mmoja tu?

Na jambo jingine, nitalisema ingawa litakuuma. Wewe una mabinti wanne na huna mtoto wa kiume. Umekaa kikao unakubali kwamba binti wa ukoo hana ardhi. Leo Mungu akikuchukua, kibanja chako mwenyewe kile chembamba na hiki changu wanachokiita cha ukoo vinakwenda kwa mwanamume aliye karibu. Ni nani huyo? Hesabu na wewe. Si Kagaruki? Jovita mwenye akili za pekee ataenda kukaa wapi na mama yake? Unafundisha watoto wa watu huko Rubafu kwamba binadamu ni sawa, wa kwako nyumbani hujawaambia.

Nimelia na kuandika, ndiyo maana wino umetapakaa. Usifikiri ni mvua.

Kokuberwa


Rubafu,
14 Machi 1971

Mpendwa Dada,

Nimeandika barua mbili tangu Januari na sijapata jibu, sijui kama zilifika. Tulisikia redioni kwamba serikali huko imepinduliwa na jeshi. Klaudia hakulala. Watu wanaotoka mpakani Mutukula wanasema mengi, wengine wanasema kuna utulivu, wengine wanasema risasi zinasikika usiku. Tafadhali tuma hata neno moja kwamba u mzima. Ninakuombea kila misa.

Hapa kahawa imechanua. Watoto wazima.

Naona ni wajibu wangu kukueleza habari za mahakama kabla hujazisikia kwa wakili. Niliitwa mwezi wa pili. Bwana Vallabhdas aliniuliza kibanja cha Nshamba ni cha nani. Nilieleza kwa ujumla historia ya familia, na desturi za ardhi, na kwamba kwa kawaida yetu ardhi ni mali ya ukoo. Aliuliza tena, nami nikarudia. Wazee walikuwa wamejaa ukumbini, Dada, safu nzima ya mbele. Hakimu alisema kama ni hivyo haoni ardhi ya mdai, na dhamana inabaki pale pale. Ameongeza muda kwa mara ya mwisho kwa sababu ya hali ya Uganda, mpaka tarehe 30 Aprili.

Zile fedha bado ninazo. Sikuzigusa. Neno lako tu, nitazipeleka hata kesho. Usiwe mkaidi wakati huu. Tusigombane juu ya udongo huku hatujui kama tutaonana.

Mdogo wako anayekupenda,
Damian


Nshamba,
2 Mei 1971

Damian,

Mimi ni mzima. Barua zako za tangu Januari sikuzipata, ile ya Machi niliipata siku nafunga mizigo. Asante kwa sala, nilizihitaji. Sitaandika niliyoyaona Kampala, mengine unaweza kuuliza ukija. Jirani yangu wa chumba cha pili alichukuliwa na hajarudi.

Utashangaa anwani iliyoko juu. Mimi niko hapa, kwangu.

Uliposema "nilieleza kwa ujumla" nilicheka kicheko kibaya, msimamizi wa nyumba akafikiri nimepata habari ya msiba. Kwa ujumla! Damian, umenimaliza kwa ujumla. Nikakaa na barua ya Bwana Vallabhdas nikaisoma tena polepole. Dhamana anadaiwa mtu anayekaa nje. Wamezungumza ardhi, ardhi, ardhi miezi yote hii kwa kuwa ni mimi niliyeishikilia ardhi, nikikungoja wewe. Basi kama sina ndugu wa kusema ardhi ni yangu, nitaacha kuwa mtu wa nje. Miaka yote nilisema nitarudi nikizeeka. Nimeuza cherehani moja kwa nauli na mizigo, mbili nimekuja nazo melini, nimezikalia kama kuku kwa kuogopa wezi.

Nilifika jioni. Nikawaza njiani: Klaudia atanipokeaje? Mwanamke amelima hapa, amezalia hapa, nami naingia na masanduku. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, nikijua lazima umeshampa yako. Alikuwa anamenya ndizi. Alininyanyulia macho, akaweka kisu chini, akasema, "Wifi, mbona umechelewa hivyo? Karibu kwako." Kwako, Damian. Hakusema kwetu, hakusema kwa ukoo. Maneno yangu makali yote nikayasahau, tukashikana tukalia mpaka Joviana akaamka na yeye akalia.

Usiku ule alinieleza yale "mengine" ambayo hukuona faida ya kuandika. Kwamba wazee walikuambia ukilitamka jina langu mahakamani watakufuta, hutaitwa kikao wala hutakunywa nao. Ndicho ulichokiogopa? Kukosa rubisi ya baba mdogo?

Tulikwenda mahakamani tarehe 28, mimi na Klaudia na mtoto mgongoni. Wakili wa Kagaruki alisimama akasema mdai amekuja matembezi tu, kesho atarudi Uganda. Hakimu akaniuliza, "Unakaa wapi?" Nikasema Nshamba. "Kwa nani?" Nikasema kwangu. Wale wazee wa safu ya mbele wakaguna. Hakimu akauliza kuna anayejua habari hizo, na mkeo akasimama kabla hajaitwa. Akasema: "Mheshimiwa, analala chumba cha pili, na cherehani zake zimefungwa sakafuni kwa misumari. Ameshapokea sare za shule mbili. Mtu wa matembezi hapigilii misumari." Ukumbi mzima ulicheka, hata hakimu alishika mdomo.

Dhamana imeondolewa. Kesi ya Miembeni itasikilizwa mwezi wa nane bila mimi kuweka hata senti. Kagaruki alitoka bila kunisalimia, nami sikufa.

Kokuberwa


Rubafu,
16 Mei 1971

Mpendwa Dada,

Siwezi kueleza furaha niliyonayo! Kwanza kwamba u mzima na uko nyumbani, pili kwamba ule mzigo wa dhamana umetuondokea sote. Nilimweleza mwalimu mkuu, naye amekupongeza sana.

Sasa naona Mungu amefanya mambo yawe mepesi. Kwa vile dhamana haipo, lile suala la kibanja ni cha nani halina haja tena, na tunaweza kuliacha lipumzike. Wewe kaa hapo na Klaudia kwa raha zako zote, hakuna atakayekugusa. Nimezungumza na baba mdogo, naye amesema ukoo hauna kinyongo, unaweza kukaa kwa muda wote utakaopenda kama mgeni wa heshima.

Nitakuja likizo ya Juni. Nitaleta samaki wa kukausha.

Mdogo wako mwenye furaha,
Damian


Nshamba,
6 Juni 1971

Damian,

Tu wazima. Joviana ameota jino. Mvua imekatika na kahawa ya kwanza imeanza kuiva upande wa bondeni.

Mgeni wa heshima.

Nimeiweka barua yako mezani siku nyingi kabla ya kujibu. Wewe kweli ulifikiri nilikuwa nakuomba neno lile kwa ajili ya nyumba ya Miembeni? Nyumba ni matofali na bati. Kagaruki akiniibia, ameniibia Kagaruki, nimeshamjua tangu tukiwa wadogo. Lakini wewe ulisimama mbele ya watu, ukaulizwa mara mbili, ukamfanya Taata kuwa hakusema kitu. Mtu aliyejikokota kwa fimbo akiwa na homa ili aseme! Ulimnyamazisha akiwa kaburini. Na sasa unaniambia suala lipumzike, eti nikae kwa wema wa baba mdogo kwenye migomba niliyopewa na baba yangu mzazi.

Mimi sipumziki. Wiki iliyopita nilikwenda ushirika kuomba kahawa ya msimu huu iandikwe jina langu. Karani wa pale akaniambia, mama, hapa mwenye shamba ni Mwalimu Damian, labda uje na uamuzi wa mahakama. Alisema kwa adabu, sikumkasirikia. Nikamwambia nitauleta.

Jana nimekwenda mahakama ya mwanzo Muleba, nimefungua kesi ya kibanja. Karani aliniuliza jina la mdaiwa, nikamtajia. Akaandika. Akauliza uhusiano, nikamwambia ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja na ninampenda. Akaweka kalamu chini akaniangalia. Akasema, "Mama, mambo ya ndugu si mngeyamaliza kwanza nyumbani?" Nikamwambia tunayamaliza nyumbani tangu mwaka jana mwezi wa tisa, kwa barua, na mwenzangu anaandika vizuri sana. Akachukua kalamu akaendelea. Hakuniomba dhamana.

Klaudia anajua. Nilimwambia kabla sijaenda, nikamwambia pia kwamba hakuna wa kumwondoa hapa, yeye wala wasichana, na hilo nitalisema mahakamani liandikwe ili hata nikifa mimi liwepo. Naye akaniuliza kesi itatajwa siku gani, apate kuwafulia watoto nguo, kwa sababu anataka waje wote wanne. Nimemwambia ni Jumatano ya tarehe 30, utakuwa umefunga shule.

Kwa hiyo njoo, na samaki lete, hatukukatazi. Utalala hapa na kula hapa. Asubuhi tutaongozana sote kwa mguu mpaka barabarani. Wazee watakuwepo, bila shaka safu ya mbele. Lakini safari hii na wasichana wako watakaa mbele, Klaudia ameshasema. Hakimu atakuuliza swali lile lile. Ukijibu, paza sauti, Jovita akusikie.

Dada yako,
Kokuberwa